Madai ya bima kwenye zahanati ndogo: karani, mfumo au kapitesheni?

ZahanatiKando: Wakuu, nina zahanati binafsi hapa Morogoro. Wagonjwa wengi wana bima, na kila mmoja ni fomu: kadi, msimbo wa ugonjwa, vipimo, dawa, sahihi. Mwezi ukiisha karani na daktari wanakesha wakijaza mapengo. Juzi bima moja imenikata malipo kwa sababu mgonjwa hakusaini, na dawa zenyewe alishazimeza. Niongeze karani, ninunue mfumo, au nipunguze bima?

MamaMaabara: Usiajiri kabla hujajua unakatwa kwa nini. Sisi tulibandika ukutani makato yote ya miezi mitatu. Karibu yote yalizaliwa mapokezi na kwa daktari: kadi haikuhakikiwa, malaria imeandikwa na kipimo hakipo. Karani wa pili angekuja tu kukesha na yule wa kwanza. Siku hizi dirisha la dawa halitoi kitu kama fomu haijakamilika. Wiki ya kwanza wagonjwa walinuna kweli.

FundiMfumo: Kwenye mfumo uliza swali moja tu: unatuma madai moja kwa moja kwa bima zako? Kama daktari anaandika kwenye kompyuta halafu karani anaandika tena kwenye tovuti ya bima, umenunua taipureta ya bei mbaya. IMIS, mfumo wa kompyuta wa CHF (mfuko wa afya ya jamii), ulioanzia Dodoma 2012, ulikuwa na uzuri huo: uanachama na madai sehemu moja. Leo unaitwa openIMIS, hadi Nepal wanao. Ila wewe una bima ngapi, na kila moja ina tovuti yake?

DaktariKisumu: Huku Kenya, kabla SHA haijachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, Oktoba 2024, kliniki nyingi zililipwa kapitesheni: kiasi kwa kila aliyejiandikisha kwako, aje asije. Makaratasi yanapungua, si lazima udai kila panadoli. Lakini ukiwa na watu wachache, wenye kisukari watatu tu wanakumaliza. Ghana waliijaribu mkoa wa Ashanti 2012, wakaisimamisha 2017.

ZahanatiKando: Hiyo siamui mimi, anaamua mwenye bima. Naanza na ukuta wa MamaMaabara. Bima ninazo sita, na mbili kati yake zinaniletea wagonjwa saba kwa mwezi huku zikila siku nzima ya karani. Niziache?

MamaMaabara: Ziache, ila soma kwanza mkataba unataka notisi ya muda gani. Hao saba wape risiti yenye msimbo wa ugonjwa, wakadai wenyewe kama bima yao inaruhusu.

ZahanatiKando: Mmoja wao ndiye mwenye nyumba wangu.

FundiMfumo: Basi acha ile nyingine, mkuu.