Tumuenzi vipi mrushaji wa kriketi aliyetulea? Naomba ushauri

Mtoto_wa_Majengo
Asalaam aleikum jamaa, na wengine wote hamjambo.

Mtaani kwetu hapa Mombasa tumeondokewa na mzee aliyetufunza kriketi. Alikuwa mrushaji wa spini, yaani mpira wa polepole unaozungushwa, mkono wa kushoto, na alipoacha kucheza hakuuacha uwanja. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na watoto wa kila kabila, wavulana kwa wasichana. Asiyekuwa na viatu alicheza miguu mitupu na hakuna aliyemuuliza.

Somo alilolipenda ni mechi ya Durban, Kombe la Dunia 2003, Kenya na Australia. Aasif Karim, mwana wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alishastaafu kabla ya kuitwa tena. Akarusha ova 8.2, yaani ova nane za mipira sita sita na mipira miwili juu, ova sita kati yake bila mkimbio (alama) hata mmoja, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, nahodha wa Australia Ricky Ponting akiwemo. Kenya ilifungwa, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Mzee akitwambia, "Hakuwa na kasi. Alijua pa kuutua mpira." Kisha hutandika leso chini, nasi twarusha mpaka tuipate.

Sasa wanafunzi wake tumegawanyika. Wengine wanataka kombe la kila mwaka kwa jina lake, lenye wadhamini na zawadi. Wengine, nami nimo, twaona pesa ziende kwenye mazoezi ya Jumamosi, ambayo yamesimama tangu afariki. Mjane wake yuko edani. Tufanye lipi, na familia tuiendee vipi?

Mwamuzi_Mstaafu
Poleni sana, Mungu amrehemu. Mimi nasema kombe. Rwanda, tangu 2014, huandaa mashindano ya Kwibuka, kriketi ya timu za taifa za wanawake, kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Watu hufunga safari, huomboleza, na wasichana hupata mechi za kimataifa. Jina lililo kwenye ratiba ya michezo hutajwa na hata wasiomjua marehemu.

Bi_wa_Kisauni
Wanangu, kombe litangoja. Eda ni miezi minne na siku kumi, msimfuate mama wa watu na makaratasi ya wadhamini. Tumeni kina mama wakamjulie hali, na mazungumzo myapeleke kwa mwanawe mkubwa au nduguze marehemu. Jina na picha yake msivitumie popote kabla ya wao kuridhia.

Kisha ulizeni jambo ambalo vijana hulisahau: je, aliacha deni? Watu wa aina hiyo hukopa mipira na glavu za watoto kwa majina yao wenyewe. Deni la maiti hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na haifai mayatima wapunguziwe haki yao kwa vitu mlivyochezea nyinyi.

Katibu_Klabu
Bi mkubwa amesema kweli. Naongeza la makaratasi. Mkitaka kuchanga pesa, zisiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Sajilini kikundi cha jamii, watu kumi mwatosha chini ya sheria ya 2022, mfungue akaunti yenye watia sahihi watatu. Mkifikia kuwa klabu ya michezo kamili, hapo mtaenda kwa Msajili wa Michezo, kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Kila mchango utangazwe kwenye kundi lenu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Nimeona urafiki mwingi ukivunjika kwa pesa za rambirambi.

Mtoto_wa_Majengo
Shukrani nyote. Bi, umetufungua macho. Tumeongea na mwanawe mkubwa, na kweli lipo deni la mipira kwenye duka moja mjini. Tumeshaanza kulilipa, na hata wale wa upande wa kombe wametoa fungu lao bila ubishi. Mwanawe ameridhia mazoezi yarudi, nasi tumepangana zamu za kusimamia. La kombe tutalizungumza na mama akitoka edani.

Mwamuzi, ombi kwako: wasichana ni wengi na hatuna mwanamke wa kuwafunza kurusha. Kama wamjua aliyecheza zamani, hapa Pwani, nitumie ujumbe wa faragha.

Mwamuzi_Mstaafu
Yupo mmoja Likoni. Nampigia leo jioni.