Naomba ushauri: kubadili namna kiendeshi cha taa za LED kinavyosoma maelezo ya vifaa

Fundi_Langoni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, nashughulikia visanduku vinavyoonyesha hali ya maghala ya barafu ya samaki, ambamo chipu ya PCA9532 huendesha taa 16 kupitia I2C, njia ya nyaya mbili za kuunganisha chipu. Kiendeshi chetu cha Linux, yaani programu inayoiongoza chipu hiyo, husoma maelezo ya taa kwa vitendakazi vya of_, ambavyo huelewa mti wa vifaa (faili inayoieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye bodi) peke yake, na bodi mpya tuliyoletewa ni ya x86, aina ya prosesa za kompyuta za kawaida, inayotegemea majedwali ya ACPI, ambayo hueleza vifaa kwa namna yake. Je, nihamie vitendakazi vya device_property, au maelezo ya bodi niyaandike ndani ya msimbo? Muda unaniishia.

BintiMkomani: Wa aleikum salaam kaka. Hamia device_property bila kusita. Kiendeshi huuliza sifa kwa jina lake tu, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo inayojua kama jibu limo katika mti wa vifaa au katika ACPI. Kurundika maelezo ya bodi ndani ya msimbo ndiko kulikoichosha jamii ya prosesa za ARM, hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani mwaka 2011.

Mzee_wa_Mokowe: Wanangu, nauliza jambo lililo kubwa zaidi: mabadiliko hayo yatarudishwa kwa wenzetu wanaoitunza Linux? Kijana niliyemfundisha kazi Malindi alijiwekea viraka vyake vya msimbo, na kila kerneli mpya ilipotoka vikakataa kushika. Kazi ya wengi hurudishwa kwa wengi.

Nahodha_Matondoni: Shikamoo mzee. Fundi, hujatuambia visanduku vya zamani vitakuwaje. Taa zake zinaitwaje?

Fundi_Langoni: Viko Faza, Kizingitini na Kiunga. Miti yake ya vifaa hutaja kila taa kwa label, kama barafu1, na skripti ya kengele huisoma /sys/class/leds/barafu1/brightness. Katika kiraka changu nimekwisha kuondoa usomaji wa label, nikaweka color (rangi) na function (kazi ya taa) pamoja na namba yake, kwa hiyo taa hiyo itaitwa red:status-1. Sioni ubaya wake, kwani hati za kerneli zenyewe zinasema label imepitwa na wakati.

Nahodha_Matondoni: Kupitwa na wakati si kufutwa, ndugu yangu. Mti wa vifaa ukishafika kwa watumiaji ni ahadi, na kerneli mpya inapaswa kuusoma kama ulivyo. Kengele ya Kiunga itanyamaza na samaki wataoza kabla mtu hajajua.

Fundi_Langoni: Kusi ikitulia nitavifikia vyote nibadilishe skripti.

Mpwani_Malindi: Mniwie radhi, nashuku kisa hiki kimetungwa. Kerneli nyingi za x86 hujengwa bila CONFIG_OF, chaguo la kusoma mti wa vifaa, na hapo of_match_ptr katika msimbo hukiacha kiendeshi bila jedwali la compatible, yaani majina ya chipu kinazozitambua. Bodi hiyo iliitambuaje chipu? Tuambie uliandika nini katika ACPI.

Fundi_Langoni: Ni haki yako kuuliza. Niliandika jedwali la nyongeza la ACPI (SSDT) lenye _HID, yaani kitambulisho cha kifaa, ya PRP0001, inayoiambia kerneli itumie compatible, na ndani ya _DSD, sehemu ya sifa za kifaa, nikaweka compatible ya nxp,pca9532, anwani ya I2C ikiwa 0x60. Chipu haikutambuliwa mpaka nilipoondoa of_match_ptr na kulitaja jedwali moja kwa moja. Kila taa ina biti mbili katika rejista, ambazo huizima, huiwasha, au huiunganisha na mojawapo ya vipimo viwili vya kumeta. Ya ghala la kwanza sasa inameta kwenye meza yangu.

Mpwani_Malindi: Nimeridhika, na ninaomba radhi kwa shaka yangu. Basi tenganisha kazi: kiraka cha kwanza kibadilishe njia ya kusoma tu, jina la taa lisiguswe, cha pili kiongeze color na function kwa maelezo yasiyo na label. Tena, ukitoka mapema ndani ya device_for_each_child_node, kitanzi kinachopitia taa moja moja, kiite kitendakazi cha fwnode_handle_put, la sivyo rejeo la kijitawi hicho halitaachiliwa.

Fundi_Langoni: Nakubali kuvitenganisha. Label itasomwa kwanza, na color na function zitatumika pale isipokuwepo, ingawa skripti bado nitazibadilisha, kwa sababu visanduku vipya vyote vitakuja na majina mapya. Kabla ya kurudi kwenye x86 nitakijaribu kiendeshi kwa mti wa vifaa wa Faza, bila kuugusa hata herufi moja.