Abiria wa treni ya Mombasa na Nairobi walinawia wapi zamani?

Swali: Ndugu zangu, hamjambo. Nilipozuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi nilioneshwa behewa ambamo simba alimkamata na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Wenzangu wakashughulika na habari za simba, lakini mimi nilibaki nikijiuliza jambo dogo zaidi: abiria wa enzi ile, waliosafiri karibu siku nzima kutoka pwani, walinawa na kula wapi? Na je, treni ya usiku iliyokuja baadaye ilikuwa na nini?

Jibu la 1: Mwanzoni, reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, treni hazikuwa na behewa la chakula, wala mabehewa hayakuwa na ujia wa kupita kutoka chumba hadi chumba. Kwa hiyo treni ilisimama Voi na Makindu, abiria wakashuka kwenda kula katika nyumba za wasafiri zilizoitwa dak bangaloo, jina lililotoka India. Hapo ndipo mtu alipopata nafasi ya kujiondolea vumbi jekundu la nyika ya Taru, maana liliingia hata madirisha yakifungwa.

Jibu la 2: Naongezea kuhusu treni ya usiku. Chumba cha daraja la kwanza kilikuwa na vitanda viwili na cha daraja la pili vinne, na humo humo mlikuwa na sinki dogo la kunawia. Vyoo vilikuwa mwishoni mwa behewa, na uchafu ulishuka moja kwa moja relini, ndiyo maana abiria walikatazwa kuvitumia treni ikiwa imesimama kituoni. Starehe niliyoipenda kuliko zote ni kwamba mhudumu alipita akigonga kengele ya chakula, na ukirudi kutoka mezani unakuta kitanda kimeshatandikwa. Daraja la tatu lilikuwa na viti tu. Huko kila mtu na shuka lake na dumu lake la maji.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Je, mtu aliweza kuoga?

Jibu la 2: Kuoga, hapana, ulijipangusa kwa taulo na maji ya sinki. Tena ilifaa uamke mapema, kwa sababu tangi la behewa lilikuwa na kiasi chake, na abiria wote walitaka kunawa saa ile ile treni ilipokaribia Athi River, karibu na Nairobi.