Subaru ya kukimbiza: seti ya Brembo, au pedi na mafuta tu?

BoxaNbo
Wadau, hamjambo. Nimejiandikisha TT (mbio za kupimwa muda) ya Kiambu Ring. Subaru yangu inavuta vizuri, injini haina neno, ila breki zinanitia wasiwasi. Kuna jamaa ana seti nzima ya breki za Brembo iliyotoka Japani, mbele na nyuma, zile kalipa (zinazobana pedi kwenye diski) za dhahabu, anataka elfu tisini na tano. Fundi wangu anasema hizo ni urembo, niweke pedi nzuri na mafuta mapya ya breki basi. Nani mkweli hapo? Jamaa ana mteja mwingine anakuja Ijumaa.

MzeeWaAthi
Subaru gani? Forester ni Subaru, Legacy ni Subaru. Mwaka gani? Rimu inchi ngapi? Tairi gani? Na ndilo hilo hilo linalopeleka watoto shule?

Fundi_Gerezani
Mkuu, hata hizo breki hujasema zinakufanyia nini. Pedali inazama? Inabaki ngumu lakini gari halisimami? Usukani unatetemeka? Linavuta upande mmoja? Kila moja ina sababu yake. Pedali ikizama, mafuta yamechemka. Ikibaki ngumu na gari linaenda tu, pedi zimezidiwa na moto. Kwa kukisia hivi utatumia laki bure.

Likoni_Evo
Uza hiyo Subaru ununue Mitsubishi Evo. Evo V ya 1998 ilitoka kiwandani na Brembo na rimu 17. Nimemaliza.

MzeeWaAthi
Nilikuwa najiuliza umechelewa wapi.

BoxaNbo
Haya, poleni. Ni Impreza WRX ya 2005, si STI ile kali zaidi. Rimu 16, tairi za kawaida za barabarani. Siku ya mazoezi pale kwenye njia ya mbio ya Whistling Morans mizunguko ya kwanza ilikuwa safi, halafu pedali ikawa laini, nikawa napampu kila kona. Mafuta ya breki ni yale yale lililokuja nayo. Na ndiyo, ndilo la kwenda kazini.

Fundi_Gerezani
Basi kesi imeisha mkuu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hata gari likiwa limelala tu. DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi 230 bila kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka kunatokea mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabanika. Unakanyaga, unabana mvuke, kalipa haipati kitu. Ungefunga Brembo juu ya mafuta hayo hayo ungepampu vile vile.

Tafuta ya mashindano. Motul RBF 600 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 312. Toa ya zamani yote, toa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne. Na ukiwa dukani usipewe DOT 5 ukadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na yako. DOT 5.1 ndiyo ndugu ya DOT 4.

MzeeWaAthi
Naunga mkono, na niongeze la seti. Kwanza, hizo kalipa haziingii ndani ya rimu 16. Diski ya mbele ya hiyo Brembo ni milimita 326, kwa hiyo unahitaji 17, na hata 17 si zote zinazopita bila kugusa kalipa. Pili, WRX yako ina nati 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. STI kuanzia ile ya 2005 ni 5x114.3. Kama diski zake zimetoka kwenye STI ya 2005 kuja juu, matundu hayataingia kwenye habu zako, itabidi utafute diski za STI ya 2004. Tatu, nyuma kuna breki ya mkono. Dramu yake ndani ya diski ya STI ni milimita 190, yako ni 170, kwa hiyo viatu vyako vinavyobana dramu kwa ndani havitafika. Hiyo elfu tisini na tano ni ya kuingia mlangoni tu.

BoxaNbo
Duh. Hilo la dramu hakuniambia.

MzeeWaAthi
Angekuambia angeuza?

MuscatSawahil
Assalam aleikum. Mimi niko Muscat lakini nakwenda kukimbiza Yas Marina, Abu Dhabi. Nitasema juu ya pedi, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Nilikuwa na Nissan 370Z. Nikanunua pedi za jina kubwa, sanduku zuri, stika ya kung'aa, namba ya siri ya kukwangua. Duka silitaji. Bei ilikuwa chini kidogo kuliko kwengine, si chini ya kutia shaka. Nikazifunga, nikazizoesha barabarani kama inavyotakiwa: kupunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe. Zikashika vizuri tu.

Kule Yas kuna mnyoofu wa zaidi ya kilomita moja, mwisho wake unakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikakanyaga. Kwanza harufu, tena mlio wa chuma juu ya chuma, kisha pedali ikateremka hadi kwenye zulia. Gari likaenda moja kwa moja eneo la kukimbilia, nalo pale ni pana, alhamdulillahi, lingekuwa ukuta nisingekuwa naandika haya. Kulitoa gurudumu, ile nyama ya pedi ya ndani imebanduka yote kutoka kwenye bati lake. Bati tupu ndilo lililokuwa likisugua diski. Pistoni imetoka nje kupita kiasi, mpira wake umeungua, mafuta yanavuja. Hata Ferodo za barabarani za orijino zingenifaa kuliko zile.

Muuzaji akaniambia nimetumia vibaya, pedi hizo si za mbio. Na sanduku limeandikwa mbio!

Fundi_Gerezani
Pole sana sheikh. Huku Kariakoo tunazipima kwa kuangalia ubavu, pale nyama inapokutana na bati. Feki nyingi zina gundi tu, bati ni laini. Nzuri utakuta bati lina meno au matundu ya kushikilia nyama.

Likoni_Evo
Mnamtisha kijana. Magari ya Safari Rally yana rimu 15 na diski ndogo kuliko hiyo 326, na yanapita Naivasha kwa mwendo ambao nyinyi wote hamuuwezi. Breki kubwa ni maringo.

MzeeWaAthi
Naivasha ni vumbi na mawe, bwana. Tairi haina mshiko wa kutosha kuchosha breki kubwa, na rimu ndogo inawapa nafasi ya tairi nene. Lami inashika, kwa hiyo moto wote unaishia kwenye diski. Tena moto unakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 200 hadi 100 breki zinameza nguvu mara tatu ya kutoka 100 hadi kusimama. Ndiyo maana naendelea kuuliza ni njia gani. Whistling Morans ni kona baada ya kona, mwendo mdogo, breki hazipati muda wa kupoa. Kiambu unafika kona ukiwa na mwendo mkubwa zaidi.

BoxaNbo
Na Nairobi kuwa juu sana kuliko usawa wa bahari? Kuna mtu aliniambia mafuta huchemka haraka huku juu.

Likoni_Evo
Uongo. Mafuta yako ndani ya bomba, yana presha. Mlima hauyagusi.

Fundi_Gerezani
Yana presha ukiwa umekanyaga. Ukiachia, presha inarudi ya hewa ya nje, kwa sababu mfuniko wa tangi la mafuta una tundu la kupumua. Hapo ndipo mvuke unapotokea. Maji Nairobi yanachemka kama nyuzi 94, si 100. Tofauti ipo, ndogo. Hewa nyepesi nayo hupoza diski pungufu kidogo.

Likoni_Evo
Basi Mombasa tuna faida.

Fundi_Gerezani
Mombasa mna unyevu. Badilisha mafuta mapema kuliko wote.

MuscatSawahil
Mkimaliza hapo tuzungumze kaboni. Rafiki yangu ana Porsche yenye zile kalipa za njano, diski za kaboni seramiki. Nyepesi ajabu, na bei ya diski moja inanunua gari zima huko kwenu. Ameziweka ndani, siku za mbio anafunga za chuma.

BoxaNbo
Mimi niko kwenye kusaka elfu tisini, nyinyi mko kwenye kaboni. Nimeongea na jamaa, anasema seti inaweza kukaa hadi Jumatatu nikimtumia kitu kidogo cha kushikilia.

MzeeWaAthi
Usitume kitu. Muulize diski ni 5x100 au 5x114.3, akupigie picha ya dramu kwa rula.

BoxaNbo
Amesoma ujumbe, hajajibu. Kuna mtu ana rimu 17 za 5x100 lakini, zinazopita Brembo?

Likoni_Evo
Ninazo. Zilikuwa za mke wangu.

MzeeWaAthi
Mke wako ana Subaru??

Likoni_Evo
Njoo inbox tuongee bei. Tairi mbili zimeisha.