Nimeuliza bomba la mtaa wetu litabadilishwa lini, nimepewa chupa ya maji "nipoe"!!!

Mpingo Mkavu:

Wakuu salamu baadaye. Ndo natoka ukumbini sasa hivi, hata viatu sijavua, mkono unatetemeka, herufi zikipinda mtanisamehe.

Hawa jamaa, sina haja ya kuwataja mnawajua, wale bili haichelewi na maji hayafiki, leo wameita wananchi eti kikao cha wadau, mpango wa kubadilisha mabomba chakavu mjini. Nikasema lazima niende, nani mdau kuliko mimi ninayeamka saa tisa usiku kusikilizia koki inavyokoroma nikidhani labda leo.

Basi tumefika, sisi huku nyuma viti vya plastiki na joto la Mtwara la mwezi huu, meza kuu wao wana kitambaa, feni, na chupa za maji ya baridi zinatoka jasho. Ikawashwa projekta. Ramani ya mji mzima, mabomba yamepakwa rangi, mekundu yanang'olewa kwanza, ya njano yanafuata, ya kijani ni mazima hayaguswi. Natafuta mtaa wetu. Wakuu. KIJANI. Mtaa mzima kijani kama bonde la mpunga! Bomba ambalo naamini kabisa Mwingereza wa ule mradi wa karanga wa enzi za mkoloni alilizika kwa mikono yake mwenyewe kabla hajakimbia, wao wanasema zima!

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu, mashahidi wapo, nikasema naomba kujua mtaa wetu umekuaje kijani wakati bomba linapasuka masika, linapasuka kiangazi, na linapasuka akipita mbuzi mnene. Yule bwana mkubwa, shati limenyooka utadhani hajawahi kukaa, akachungulia kompyuta yake akasema "kwenye mfumo wetu bomba la mtaa huo halina historia ya kupasuka". Halina historia! Lile dimbwi la pale kona ambalo bata wameshalea wajukuu ni umande?

Nikapandisha sauti kidogo. Kidogo tu. Na hapo ndipo wakuu. Akachukua chupa moja pale mezani, akampa kijana wake, akasema kwenye maiki, KWENYE MAIKI, "mpelekeeni mzee maji ya kunywa apoe".

Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka mwenyekiti wetu wa mtaa kacheka, yeye ambaye jana tu kaja kwangu na ndoo kuomba maji ya kisima.

Yaani mimi namuuliza maji ya bombani ananipa maji ya chupa. Kwenye maiki. Na "mzee" juu! Nina miaka 38! Apoe nani? Mpelekeeni mzee maji! Nimeshindwa hata kula.

Korosho Daraja la Pili:

Uliyanywa?

Binti Shangani:

"Mpelekeeni mzee maji" 😂😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole kaka angu jamani. Ila mzee wa miaka 38 duh, hilo joto limekutenda.

Mpingo Mkavu:

@Korosho hilo ndo swali la kumuuliza mtu aliyedhalilishwa? Nimeandika habari za mfumo, habari za ramani, we umeona chupa tu.

Ligula Ndo Home:

Mimi nilikuwepo. Eti "sauti kidogo". Mkuu ulikuwa umesimama juu ya kiti.

Mpingo Mkavu:

Nilisimama kwenye kiti kwa sababu mbele kulikuwa na mtu mrefu. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kushika maiki na kusema mpelekeeni mzee maji.

fundi_koki:

Mkuu pole ila acha nikupe shule kidogo, hizi kazi za bomba nimezifanya miaka mingi na si hapa tu. Ramani inasema kile ilicholishwa. Ukitaka kupanga bomba lipi ling'olewe kwanza unaangalia umri wake, limetengenezwa na nini, presha inayopita, udongo uliolizunguka (huku pwani chuma kinaliwa na chumvi usipime), na kubwa zaidi limepasuka mara ngapi kwa kila kilomita. Halafu unajiuliza likipasuka anaumia nani, hospitali au vibanda viwili vya chipsi. Unazidisha uwezekano wa kupasuka na ukubwa wa madhara, yenye alama nyingi ndo yanapakwa nyekundu. Dunia nzima wanafanya hivyo, hapo hawajakosea.

Sasa kupasuka kunajulikanaje? Lazima mtu aandike. Nyie bomba likipasuka mnampigia yule kijana kwenye namba yake, anakuja na bodaboda, anafunga tyubu ya baiskeli, mnampa buku tano anasepa. Fomu haijazwi, ofisini hakuna kilichotokea. Yaani kila mkirekebishiwa kishkaji mnazidi kuwa kijani. Mitaa yenye watu wasumbufu wanaoenda ofisini kila siku na kudai namba ya taarifa ndo hiyo umeiona nyekundu.

Korosho Daraja la Pili:

Fundi umeandika kama unalipwa kwa mita. Nimesoma yote lakini bado sijajua kama aliyanywa.

Mpingo Mkavu:

@fundi_koki kwa hiyo kosa ni letu? Bomba linavuja mbele ya macho ya kila mtu, gari lao wenyewe linapita hapo juu ya dimbwi linarusha maji mpaka kwenye sufuria la mama ntilie, halafu niandike barua ndo waamini? Na hata kama, angesema hivyo ulivyosema wewe ningemuelewa. Angesema mkuu leteni taarifa tubadilishe rangi. Hakusema. Alishika chupa.

Toyo Langu Riziki Yangu:

Wakuu mimi nauza maji kwa toyo (pikipiki ya mizigo) mitaa hiyo hiyo, naomba huo mpango usiharakishwe, nina marejesho ya mkopo.

Binti Shangani:

@Toyo nyie ndo mnaokata mabomba usiku nyie!!

Toyo Langu Riziki Yangu:

Dada usinitafutie kesi. Bomba lenyewe linajikata.

Madimba Oyee:

Mnalilia bomba la maji? Kutoka hapa kwetu Madimba bomba la gesi la inchi 36 lilifukiwa mpaka Dar es Salaam, kilomita karibu 500, likavuka Rufiji, 2015 likazinduliwa na mafataki. Inchi 36! Ng'ombe anapita humo akiwa amesimama (haya basi ndama). La maji toka barabarani mpaka uani kwangu nusu inchi linasubiri mfadhili.

Ligula Ndo Home:

Usianze na gesi, mods (wasimamizi wa jukwaa) watafunga uzi.

Madimba Oyee:

Nimesema inchi tu sijasema kitu kingine.

Mtoto wa Mtanda Lindi:

Nyie Mtwara mnadeka sana. Mnaitwa kikao, mnaonyeshwa ramani ya rangi, mnapewa na maji ya chupa bado mnalalamika. Sisi Lindi huku mtaani kwangu koki tumeigeuza ya kutundikia funguo. Na makao makuu ya jimbo la kusini yalikuwa kwetu kabla mkoloni hajawahamishia huko kwenu, mngekuwa na shukrani.

Korosho Daraja la Pili:

Lindi wamefika. Sasa uzi umenoga.

Mama Wawili Vigaeni:

Samahani wakuu mimi nataka kuuliza jambo la maana, nasikia kuna mabomba ya zamani ya asbesto, ndo kusema miaka yote hii tunawanywesha watoto kansa?

fundi_koki:

Dada angu usiogope kiasi hicho. Asbesto hatari yake kubwa ni vumbi ukilivuta, ndo maana bomba la aina ile halikatwi kwa msumeno wa umeme kavu kavu na fundi hana hata barakoa, mara nyingi linaachwa humo humo ardhini na jipya linapita pembeni. Kwenye maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha asbesto kwa sababu ushahidi wa madhara kwa njia ya kunywa haujakaa sawa. Kinachotakiwa kukuogopesha wewe ni huu mgao. Bomba likikauka huku lina nyufa linanyonya uchafu wa nje, dimbwi la bata wa Mpingo linaingia ndani, yakirudi maji mnalo glasini. Chemsheni.

Na hata mtaa ukiwa mwekundu msipige vigelegele. Mamlaka ikibadilisha asilimia 1 ya mtandao wake kila mwaka, kuumaliza ni miaka 100. Halafu kuna hii nayo wengi hawaijui, wakiweka jipya barabara kuu wakaacha matawi ya zamani, presha ikipanda hayo matawi yanaanza kupasuka moja baada ya jingine. Kuvuja kunapimika, unafunga mita kubwa pale maji yanapoingia mtaani unaisoma saa nane usiku watu wamelala, yanayopita saa hiyo mengi ni yanayovujia ardhini. Tatizo mji wa mgao saa nane usiku ndo watu wote macho wanajaza matenki, hesabu inavurugika.

Binti Shangani:

Miaka 100! Mjukuu wa Mpingo naye atapelekewa chupa yake.

Reli Line:

Mwacheni Mwingereza. Reli yake ya kwenda Nachingwea waliing'oa yote miaka ya 60 mwanzoni, chuma chote wakabeba, bomba wakaliacha. Yaani walichagua wenyewe kipi kina thamani.

Mpingo Mkavu:

Reli Line wewe ndo mtu wa kwanza mwenye akili humu. Sasa wakuu turudi kwenye mada, mtumishi wa umma anaruhusiwa kumwambia mwananchi apoe? Kwenye maiki?

Ligula Ndo Home:

Nimekaa kimya ila acha niseme. Aliyanywa yote. Akanyanyua chupa juu kuangalia kama imebaki.

Korosho Daraja la Pili:

EEEEEH!!! 😂😂😂

Toyo Langu Riziki Yangu:

Mzee Chupa!

Mtoto wa Mtanda Lindi:

Hahaha Ntwara kuchele, kumekucha!

Mpingo Mkavu:

Nilikunywa ndiyo! Yalikuwa ya baridi, kwangu maji hayatoki, mlitaka nimwage? Mtu unaweza kudhalilishwa na bado ukawa na kiu. Na huyo Ligula aseme ukweli, na yeye aliniomba nimbakizie.

Chuno Lami Mpya:

Nyie mna shida ya chupa, njooni muone ya kwetu. Barabara imesubiriwa tangu nipo shule ya msingi, ikawekwa lami safi, watoto wanacheza mpira hapo. Lami haijapoa vizuri wamekuja na sururu wanakata katikati kupitisha bomba! Wakafukia na mchanga wakaondoka. Sasa kuna mtaro bodaboda zinaruka kama mashindano. Hivi watu wa lami na watu wa maji hawana namba za simu za wenzao? Si mngepanga mwaka mmoja, bomba kwanza lami baadae?

fundi_koki:

Hapo umegusa penyewe, hicho ni kigezo kabisa, barabara ikiwa kwenye ratiba ya lami bomba lake linapandishwa foleni hata kama halijapasuka, maana kukata lami na kuirudishia ni ghali kuliko

Korosho Daraja la Pili:

Fundi sentensi imepasuka.

fundi_koki:

Simu imezima, umeme umekatika.

Binti Shangani:

Hata huku umekatika. Tangu saa moja. Samaki wangu wa biashara kwenye friji jamani, naombeni huu uzi uwe wa umeme.

Madimba Oyee:

Umeme unakatika na gesi inatoka chini ya miguu yetu. Sijasema kitu mods.

Mtoto wa Mtanda Lindi:

Hameni Lindi. Tuna Namungo ligi kuu nyie Ndanda yenu ilishuka 2020 mpaka leo mnasema inajipanga.

Reli Line:

Namungo ya Ruangwa hiyo, Lindi mjini mnadandia tu. Ukitoka Mtanda kwenda kuangalia mechi unapanda basi kama mgeni.

Mtoto wa Mtanda Lindi:

Mkoa ni mmoja bwana mdogo!

Mpingo Mkavu:

Wakuu mimi kesho naenda ofisini kwao na picha za dimbwi, nani ananisindikiza? Nahitaji watu kama kumi hivi wenye sauti.

Mpingo Mkavu:

Hakuna?

Korosho Daraja la Pili:

Mkuu kesho tupo mnada wa korosho. Halafu tukiwa hapo hapo, kuna mtu pesa ya mnada uliopita imeingia? Naangalia simu kila dakika, chama chetu cha ushirika wanasema benki, benki wanasema chama.

Mama Wawili Vigaeni:

Ya baba yangu Tandahimba imeingia jana lakini makato sasa! Yamekatwa mpaka ambayo hayaeleweki.

Korosho Daraja la Pili:

Makato ya nini tena?

Mama Wawili Vigaeni:

Magunia. Na ushuru. Na kingine wameandika "mengineyo".

Chuno Lami Mpya:

Mengineyo ndo hiyo inajenga nyumba za watu. Mwaka juzi walinikata mengineyo kubwa kuliko pembejeo.

Mpingo Mkavu:

Chama gani hicho kimelipa jana? Na mimi nadai, gunia zangu zipo ghala lile lile na meseji sijapata. Hebu nitumie PM.