Noah ya Mama: nani aifungue injini?

Jumatano

Rehema: Assalam alaikum wote. Noah ya Mama imezimika leo tukirudi Tororo, tulikuwa tumempeleka Salim shule Iganga. Tumeshapita Bugiri nikaona geji ya joto imepanda mpaka mwisho, nikasimama, moshi mweupe nyuma na mvuke chini ya boneti. Imevutwa mpaka nyumbani. Mama hajasema kitu ila chakula hajagusa

Mjomba Yusufu: Waalaikum salaam. Poleni sana. Hamkufungua redieta ikiwa moto?

Rehema: Hapana mjomba, tulingoja karibu saa nzima. Sasa fundi wetu kaja, kaangalia kama dakika tano hivi, anasema injini imekufa, tununue ingine Kisekka, lile soko la spea Kampala, milioni 3 na laki 2 na kufunga, na anataka nusu leo leo aondoke na basi la usiku

Hassani: Msitume kitu kwanza. Nimepigia gereji moja kubwa hapa Kampala, wanasema tuilete, watafungua injini yote waifanye upya kwa milioni 5. Hata gari hawajaiona wameshataja bei

Shangazi Mwanaisha: Mimi nasema mpeni fundi wetu. Yule ni mtoto wa hapa, mama yake tulimzika sisi, miaka kumi na moja anaishika hiyo gari hajawahi kutuibia hata nati. Huko Kampala nani anatujua?

Hassani: Shangazi sijasema ni mwizi

Shangazi Mwanaisha: Najua mwanangu, lakini ukimruka leo kesho tunakutana msikitini tutasemaje

Mjomba Yusufu: Shemeji nakuelewa kabisa, na mimi niliwaza hivo hivo na ile Surf yangu. Mnakumbuka ilianza kuchemka, nikampa mtu niliyemwamini moyo wote, akaniambia injini imekwisha, nikalipa, nikawekewa ya kutoka Japani. Miezi mitatu nayo ikachemka. Kumbe redieta ndo ilikuwa imeziba muda wote huo, hakuna aliyeitazama, na injini yangu ya kwanza nilivyouliza iko wapi nikaambiwa ilishauzwa vyuma chakavu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mbovu kweli. Hilo ndo linaniuma kuliko pesa. Sasa injini ya hii Noah ni aina ya 3S, bloki yake ni chuma kizito inavumilia, hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ndo ya aluminiamu na ndo inayopinda ikichemka, mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki, na kuskimu, yaani kusawazisha uso wa hedi kwa mashine, basi mambo yanaisha. Labda ni zaidi ya hapo, siwezi kusema nikiwa hapa Malaba, lakini na yeye hawezi kusema kwa dakika tano bila kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Rehema, alipima?

Rehema: Hakupima mjomba. Alifungua kifuniko cha oili tu, ndani kumekuwa kama uji uliotiwa maziwa

Mjomba Yusufu: Hayo ni maji yameingia kwenye oili. Msiiwashe tena kabisa!! Sasa kuna kijana Mbale alinitengenezea lori, nampigia aje kesho na kipimo chake. Nauli yake nalipa mimi

Alhamisi

Rehema: Huyo wa Mbale alikuja. Alitoa plagi zote nne akazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake, ya pili ilikuwa nyeupe safi kama imeoshwa kwa sabuni, zile zingine nyeusi kawaida. Akaniita nisome mwenyewe kipimo, silinda ya 1 na ya 4 ni 165 na 160, ya 2 na ya 3 ni 90 na 95. Akasema mbili zilizokaa jirani zikishuka pamoja hivo mara nyingi gasketi imekatika katikati yao. Nikamuuliza bei, akasema gasketi, oili na kazi ya mikono anaweza kutaja, ila hedi hataji mpaka aifungue aipime kwa rula ya chuma, kama imepinda inaenda Mbale kuskimiwa na mimi niende nayo, kama ina ufa ananionyesha ufa. Na kitu kingine, alifungua nyumba ya thamostati, kile kifaa kinachoongoza maji ya kupoza injini, akakuta tupu, thamostati haimo. Na redieta imejaa kutu, kumbe miaka yote tunaongezea maji ya kisima

Hassani: Huyo huyo. Mtu anayekataa kutaja bei ya kitu ambacho hajakiona, mimi namtumia hela

Mjomba Yusufu: Umeona sasa, tungefunga injini ya Kisekka juu ya redieta ile ile ingechemka tena. Na ile yenyewe imetoka kwenye gari ya mtu Japani, hujui ilishachemka mara ngapi huko, halafu namba ya injini iko kwenye logibuku mnaanza kuzunguka ofisini kuibadilisha. Rehema mwambie gasketi ya zamani na chochote anachotoa akuachie hapo nyumbani, na boliti za hedi azikaze kwa spana ya kupimia, kuanzia katikati kwenda nje, sio kwa nguvu za mkono

Shangazi Mwanaisha: Na fundi wetu?

Mjomba Yusufu: Shemeji, breki na sevisi ni zake, sina neno hapo, mikono yake ni mizuri. Ila vipimo vya injini hana, na tangu jana alipaswa kutwambia hana

Mama: Nimesoma yote. Baba yenu aliinunua hii gari akaiosha mwenyewe kila Ijumaa mpaka alipotutoka. Sitaki injini yake itoke hapa hatujajua inaumwa nini. Wa Mbale afungue Jumamosi, uani hapa hapa. Na fundi wetu aitwe asimame pale aone, asije akasikia kwa watu.

Hassani: Natuma laki 6 jioni, Rehema andika kila kitu kwenye daftari

Rehema: Sawa Mama. Fundi wetu nimempigia sasa hivi. Alinyamaza muda, halafu akasema atakuja, na kwamba thamostati aliitoa yeye mwaka jana gari ilipoanza kupata joto, alidhani anasaidia

Mama: Mwambie aje mapema, atakunywa chai hapa.