Filamu ya mapenzi au ya familia iliyokuangusha, na kitu kimoja kilichoiokoa: tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Juzi nikipanga stoo nimekutana na boksi la CD za zamani, zile za Bongo Movie za kununua mbilimbili, na roho ikanirudi nyuma.

Mwaka 2009 nilikuwa naishi kwa dada na shemeji, Mbagala. Tukachanga tukanunua CD ya kwanza ya filamu moja ya familia. Kijana tajiri, binti maskini, mama mkwe mkorofi, mnaijua. Robo ya filamu ni geti. Gari linapiga honi, mlinzi anakimbia, anafungua, gari linaingia taratibu, tajiri anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, na kamera ipo naye hatua kwa hatua. Pale binti anapotaka kusema mimba ni ya nani, ikakata. Tukanunua ya pili, na mwanzo wote ni marudio ya ya kwanza! Shemeji alitukana mpaka dada akafunga dirisha.

Ila kuna sehemu moja. Mama aliyemzaa kijana, wa kijijini, siyo yule mkorofi wa mjini, anakuja mjini na kuku kwenye tenga. Mwanawe ana wageni, anawaambia huyu ni mfanyakazi wa zamani. Nilijua sasa vinaanza vilio vya kugaragara. Yule mama hakulia. Aliomba maji ya kunywa, akanywa yote, akarudisha glasi kwa mikono miwili, akasema ahsante baba. Akatoka, kuku kamwacha.

Shemeji akanyanyuka, akachukua simu, akaenda kukaa nje. Dada akanifinya nisiseme kitu. Kwa miezi mingi hakuwa amempigia mama yake.

Haya, leteni zenu.

Mpemba wa Buguruni

Umesahau kulala na mekapu. Mtu kaamka alfajiri na wigi, hereni na rangi ya mdomo, hata tongotongo hana. Kilichoniokoa mimi ni vitenge. Fundi wangu alikuwa anasimamisha picha ili akopi mishono.

Mtoto wa Kisauni

Mie yangu ni ya Kihindi. *Kabhi Alvida Naa Kehna*, ya mwaka 2006. Mamangu ni mtu wa Shah Rukh Khan tangu zamani, akatukusanya nyumba nzima, mahamri yakakaangwa, tukakaa zaidi ya saa tatu. Wallahi tulijuta. Shah Rukh ana mke, Rani Mukerji ana mume, wako zao New York, na wenzao wa ndoa hawana baya. Hao wawili wanaibiana tu. Halafu Shah Rukh mwenyewe ana kisirani, aliumia mguu akaacha mpira, hasira zake anamtolea mtoto wake mdogo. Mamangu hakumjua tena.

Lakini Abhishek Bachchan, yule mume anayesalitiwa! Alipoambiwa ukweli, nyumba yetu ilinyamaza kimya. Wiki nzima mamangu akimtaja anasema "yule mwanangu". Na nyimbo, siwezi kusema uongo, nyimbo zake naziweka hadi leo nikipika.

Kiti cha Nyuma

Nyie mlikuwa na CD nyumbani. Sisi wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, tuliokolewa na mtafsiri, yule anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Filamu ya mapenzi imepoa kama uji wa jana, mtafsiri wetu Lufufu akiishika ilikuwa nyingine: alimsema mhusika, alimwonya, aliweka na mafumbo ambayo Mzungu hakuyawaza. Niliwahi kuiona moja tena bila yeye, nikasinzia.

Mshika Maiki

Kuhusu geti naomba niwatetee, maana nimeshika maiki kwenye kazi kama tatu hivi. Hadithi ilikuwa ya CD moja, msambazaji anataka mbili. Utajaza na nini? Geti, ngazi, kunywa juisi. Nyumba yenyewe tumeazima, mwenyewe anarudi jioni, kwa hiyo kila ugomvi unafanyika kwenye makochi yale yale. Maneno mengi hayakuandikwa, dairekta anakwambia "wewe mkasirikie". Ndiyo maana yule mama wa glasi anawakaa kichwani. Wale waliotoka kwenye vikundi vya maigizo ya jukwaani na redioni ukiwaambia hivyo walikuwa na cha kutoa. Sisi wengine tulipiga kelele tu.

Fundi Redio

Yangu haikuwa na la kuokoa. Mke kafa, kazikwa, dakika ya mwisho mume anashtuka usingizini, kumbe ndoto. CD nilifanya kifuniko cha mtungi.

Mtoto wa Kisauni

Mleta mada, hiyo ya mama na kuku yaitwaje? Nataka kumtafutia mamangu.

Mleta mada

Kava limeliwa na panya, jina halisomeki. Na kwenye boksi imebaki ya pili tu, ile ya marudio.